Skrubu Haina Kumbukumbu

Tarehe 2 Julai 1860, pale Wimbledon nje kidogo ya London, Malkia Victoria alipiga risasi moja. Hakuibeba bunduki, wala hakufumba jicho kulenga. Bunduki ilikuwa imeshafungwa kwenye egemeo la chuma na kuelekezwa kwenye shabaha iliyokuwa umbali wa yadi 400. Kazi ya Malkia ilikuwa kuvuta kamba ya hariri iliyounganishwa na kifyatulio. Akavuta. Risasi ikatua kama inchi moja na robo kutoka katikati kabisa ya shabaha, na mashindano ya kwanza ya Chama cha Taifa cha Bunduki cha Uingereza yakawa yamefunguliwa.

Sifa alipewa Malkia, kama ilivyo desturi. Ila tukisema ukweli, aliyepiga ni lile egemeo, chuma kilichokazwa vizuri kikakaa pale pale kilipowekwa. Na bunduki yenyewe ilitengenezwa na Joseph Whitworth wa Manchester, mtu ambaye mafundi walimjua zaidi kwa skrubu kuliko kwa bunduki.

Leo tuongee juu ya skrubu hiyo. Si skrubu yoyote tu, bali ile ndogo, fupi kuliko kucha ya kidole gumba, inayoishikilia darubini juu ya bunduki. Najua wengi wenu humu mmezoea riwaya na mashairi, na mtauliza skrubu imeingiaje. Imeingia kwa sababu ina kasoro moja ambayo kila mpenzi wa hadithi ataitambua: haina kumbukumbu. Ukiikaza inakaa, ukiilegeza inatoka, na ukiikaza tena haikwambii mara ya kwanza ilisimama wapi wala nani aliigusa. Historia nzima ya kufunga darubini kwenye bunduki ni historia ya watu wakijaribu kuipa skrubu kumbukumbu.

Wenzetu wa lugha nyingine wameshaiona skrubu kama jambo la kuandikiwa kitabu. Mwaka 2000 Witold Rybczynski alichapisha One Good Turn, kitabu kidogo kilichoanza pale mhariri wa gazeti alipomwomba aandike kuhusu chombo bora cha milenia nzima. Akachagua bisibisi na skrubu. Alipokwenda kutafuta skrubu za zamani, alizikuta kwenye bunduki za kale na kwenye mavazi ya chuma ya wapiganaji. Yaani skrubu na bunduki ni jirani wa siku nyingi.

Kiswahili nacho kina ushahidi wake. Kabla Mwingereza hajatuachia "skrubu", Mreno alikuwa ameshatuachia "parafujo", kutoka neno lake parafuso, katika furushi lile lile lililotuletea meza, bendera na gereza. Mafundi wetu wakaongeza "hesi" kwa ile mikunjo inayozunguka mwili wa skrubu. Kumbuka neno hesi, maana Whitworth anaanzia hapo.

Whitworth alizaliwa Stockport mwaka 1803, akafanya kazi London katika karakana ya Henry Maudslay, kisha mwaka 1833 akafungua ya kwake Manchester. Wakati ule kila karakana ilikata hesi zake kwa namna yake. Bolti ya fundi huyu haikuingia kwenye nati ya fundi yule, na mashine ikiharibika ilibidi urudi kwa mtu aliyeitengeneza. Whitworth akakusanya bolti kutoka karakana nyingi za Uingereza, akazipima, akatafuta wastani. Mwaka 1841 akapendekeza kwa Taasisi ya Wahandisi kwamba hesi zote ziwe na pembe ya digrii 55, na idadi ya hesi kwa kila inchi ijulikane kulingana na unene wa bolti.

Hebu fikiria ukubwa wa jambo hilo. Kabla yake, siri ya skrubu ilikaa kichwani mwa fundi mmoja, na akifa inakufa naye. Baada yake, siri hiyo iliandikwa kwenye karatasi. Katika vita vya Crimea, jeshi la majini la Uingereza lilipohitaji boti za mizinga kwa haraka, kazi ya kutengeneza injini iligawanywa kwa karakana mbalimbali, na injini 90 zikakamilika kwa siku 90, kwa sababu vipande vya huku viliingia kwenye vipande vya kule. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya kwanza ambayo skrubu ilipewa, kumbukumbu ya umbo.

Vita hivyo hivyo viliifanya serikali imwombe Whitworth aitazame bunduki ya askari. Akaja na mtutu mwembamba wa inchi 0.451, ambao ndani yake ulikuwa na pembe sita uliojisokota. Ukiutazama kwa makini, ni kama nati ndefu, na risasi ni bolti inayopita ndani yake kwa kasi. Katika majaribio ya mwaka 1857 bunduki hiyo iliishinda Enfield ya jeshi kwa mbali. Jeshi halikuichukua, ilikuwa ghali mno, na mtutu wake ulijaa masizi upesi. Lakini kwa kulenga mbali haikuwa na mpinzani.

Tatizo likahamia kwenye jicho. Bunduki inayofika yadi 1,000 ina faida gani kama mpigaji haoni kilichopo yadi 1,000? Afisa mmoja wa Kiskoti aliyetumikia jeshi la Uhindi, David Davidson, alikuwa ameshaliwazia hilo, akatengeneza darubini ndogo inayofungwa ubavuni mwa bunduki, upande wa kushoto. Baadhi ya bunduki za Whitworth zenye darubini ya Davidson zilivuka bahari hadi Marekani, mikononi mwa jeshi la Kusini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Tarehe 9 Mei 1864, huko Spotsylvania, Jenerali John Sedgwick wa jeshi la Kaskazini aliwaona askari wake wakiinama kila risasi ilipopita. Akawatania kwamba kwa umbali ule adui hawezi kumpata hata tembo. Muda mfupi baadaye risasi ilimpiga chini ya jicho la kushoto, akafa. Inasimuliwa mara nyingi kwamba ilitoka kwenye bunduki ya Whitworth.

Sasa angalia kalenda. Siku 18 tu kabla ya kifo hicho, tarehe 21 Aprili 1864, mhandisi William Sellers alisimama mbele ya Taasisi ya Franklin kule Philadelphia akapendekeza Marekani iwe na hesi zake yenyewe. Digrii 55 za Whitworth zilikuwa ngumu kukata na kupima, akasema, tutumie 60. Pendekezo likashika. Kwa hiyo Uingereza na Marekani zikawa na kumbukumbu mbili tofauti, na skrubu ya upande mmoja haikuielewa nati ya upande mwingine. Zilipigana vita viwili vya dunia zikiwa upande mmoja huku bolti zao zikikataana. Mkataba wa hesi za pamoja kati ya Marekani, Uingereza na Kanada ulitiwa saini tarehe 18 Novemba 1948, vita vya pili vikiwa vimekwisha miaka mitatu nyuma.

Kwa nini skrubu ndogo kiasi hiki isumbue watu wazima hivyo? Jibu ni hesabu ya shule ya msingi. Tuseme umbali kati ya skrubu ya mbele na ya nyuma ya darubini ni milimita 100. Skrubu ya nyuma ikilegea, darubini ikasogea milimita 0.1, unene wa karatasi tu. Hiyo ni sehemu moja ya elfu. Kwa hiyo kwenye mita 100 risasi inakosea kwa sentimita 10, na kwenye mita 500 inakosea nusu mita. Mpigaji hajui. Anaona shabaha vizuri, msalaba uko katikati, pumzi ameishika. Darubini inamdanganya kwa uso mkavu kabisa.

Udanganyifu huo aliujua vizuri mwandishi mwenzetu mmoja. Hesketh Hesketh-Prichard alikuwa mchezaji wa kriketi, mwindaji na mtunzi wa hadithi. Pamoja na mama yake aliandika visa vya jambazi wa Kihispania aitwaye Don Q, na kimoja kilikuja kuwa filamu ya Douglas Fairbanks mwaka 1925. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza alikwenda Ufaransa, akakuta wadunguaji wa Kijerumani wakiwaua Waingereza kila siku kwenye mahandaki, wengine kwa bunduki za uwindaji zilizoletwa kutoka nyumbani na darubini zake.

Bunduki zenye darubini zilipowafikia Waingereza, Hesketh-Prichard aliona jambo la ajabu. Vifaa vilikuwa vizuri, ila nyingi hazikupiga pale zilipoelekezwa. Zilikuwa zimegawiwa kama viatu, kwa watu ambao hawakufundishwa kuzilinganisha wala kuzitunza. Isitoshe, darubini nyingi zilifungwa pembeni, kushoto mwa mtutu, ili askari aweze kujaza risasi kutoka juu. Ukiingiza mtutu kwenye tundu jembamba la kinga, darubini inatazama ukuta. Mwaka 1916 akaanzisha shule ya wadunguaji kule Linghem, na mwaka 1920 akasimulia yote katika kitabu chake Sniping in France. Ukikisoma utashangaa jinsi kinavyohusu kuua kidogo na kutunza vitu sana: kusafisha, kupima, kujaribu, kuandika, kujaribu tena.

Vita vya pili vilipofika, Waingereza walikuwa wamejifunza. Bunduki za Lee-Enfield No. 4 zilizoonyesha shabaha nzuri kiwandani ziliwekwa kando, na tangu mwaka 1942 zilipelekwa kwa Holland & Holland wa London, mafundi waliozoea kuwatengenezea matajiri bunduki za kuwindia. Zaidi ya 20,000 zilipita mikononi mwao. Kila moja iliwekewa mabamba mawili ya chuma ubavuni, yakakazwa kwa skrubu, na kingo za skrubu zikagongwa kwa patasi ndogo ili zisizunguke tena. Juu ya mabamba hayo darubini ilishikwa na skrubu mbili kubwa za kuzungusha kwa mkono.

Kisha wakafanya kitu ambacho mimi nakiona kama ushairi wa karakana. Namba ya bunduki iligongwa kwenye kishikio cha darubini, na namba ya darubini ikagongwa kwenye shingo ya kitako cha bunduki. Kila kimoja kilibeba jina la mwenzake. Ukizikuta zimetengana leo, kila mmoja bado anamtaja aliyepotea. Skrubu ilikuwa imepata kumbukumbu ya pili, ya kujua inamshika nani.

Tofauti yake na bunduki niliyoiweka mwisho wa orodha hii ni kubwa. Machi 1963 duka la Klein's la Chicago lilipokea oda kwa posta ya bunduki ya Kiitaliano ya Mannlicher-Carcano iliyotumika, ikiwa na darubini ya Kijapani inayovuta mara nne. Bei ilikuwa dola 19.95, na posta dola 1.50. Tarehe 22 Novemba mwaka huo bunduki hiyo, namba C2766, ilikutwa kwenye ghorofa ya sita ya jengo la ghala la vitabu mjini Dallas, baada ya Rais John F. Kennedy kuuawa.

Hapo swali dogo likawa kubwa: darubini ile ilikuwa inalenga wapi? Wataalamu wa FBI waliipeleka kwenye uwanja wa shabaha, risasi zikatua juu na kulia kwa pale walipolenga. Maabara ya jeshi ilibidi iingize vipande vyembamba vya chuma chini ya darubini ili ilingane na mtutu. Je, ndivyo ilivyokuwa siku ya mauaji? Robert Frazier wa FBI alieleza mbele ya Tume ya Warren kwamba bunduki ilipofika kwao kishikio cha darubini kilikuwa kimelegea, na inaelekea darubini ilishatolewa wakati wa kutafuta alama za vidole. Kwa hiyo walivyoikuta siyo lazima iwe ndivyo ilivyoachwa.

Tume ilitoa ripoti yake mwaka 1964 ikasema muuaji ni Lee Harvey Oswald, peke yake, kwa bunduki hiyo. Sina nia ya kuufungua mjadala ule. Una vitabu vya kujaza maktaba. Ninachotaka uone ni kwamba mtu mmoja mwenye bisibisi, akifanya kazi yake halali ya kutafuta alama za vidole, alifuta jibu ambalo hakuna tume, maabara wala mahakama iliyoweza kulirudisha. Skrubu zilizunguka, basi. Ushahidi wa mauaji ya rais ukapungua kwa upana wa hesi chache.

Kipande kilichokosekana ni kipimo cha nguvu, na hicho hakikutoka kwenye bunduki. Mwaka 1918 Conrad Bahr, mfanyakazi wa idara ya maji ya jiji la New York, alitengeneza spana inayoonyesha umekaza kwa nguvu kiasi gani, kwa sababu mafundi wa mabomba walikuwa wakikaza bolti kupita kiasi. Mafundi wa magari wanaiita spana ya toki. Nyuma yake kuna ukweli ambao watu wengi hawaujui: skrubu ni springi. Ukiikaza inavutika kidogo sana, na kule kutaka kurudi kwake ndiko kunakobana vitu viwili pamoja. Ukiikaza kidogo haivutiki, haishiki. Ukiikaza mno, kamba hukatika pembamba: ama shingo ya skrubu inakatika, ama hesi zinaliwa.

Tena, nguvu nyingi ya mkono wako haifiki kwenye springi hiyo. Wahandisi hukadiria kwamba kama sehemu tisa kati ya kumi huliwa na msuguano, chini ya kichwa cha skrubu na ndani ya hesi. Ndiyo maana skrubu yenye mafuta na skrubu kavu, zikikazwa kwa nguvu ile ile, hazibani sawa. Na mwaka 1969 Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba adui mkubwa wa skrubu ni mtikisiko wa ubavuni, unaoteleza vitu viwili kushoto na kulia hadi skrubu inajifungua yenyewe. Kila risasi ni nyundo, na bunduki inajipiga nyundo hiyo mwenyewe.

Basi fundi anayejua kazi anafanyaje? Anafuta mafuta yote kwenye skrubu na matundu yake. Anaanza na bamba la chini, kisha pete za chini, ndipo analaza darubini ndani yake na kuhakikisha msalaba haujainama. Skrubu za pete za juu anazikaza kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo, kwa mshazari, akiangalia nafasi za pande zote mbili zibaki sawa. Anatumia spana ya kipimo, na anafuata namba ya mtengenezaji wa pete. Kwa pete nyingi skrubu za juu huishia karibu nyutoni-mita 2, nguvu ambayo mtoto wa shule anaweza kuitoa kwa vidole. Kwenye hesi za bamba anaweza kuweka tone la ile gundi ambayo Profesa Vernon Krieble wa Hartford aliigundua mwaka 1953, inayoganda pale hewa inapokosekana. Akifanya hivyo anakumbuka kwamba gundi mbichi nayo inatelezesha kama mafuta, hivyo anapunguza nguvu.

Wanaoharibu zaidi ni wenye mikono mizito. Mwili wa darubini ni bomba jembamba la alumini, lenye kipenyo cha inchi moja au milimita 30. Ukilibana kwa hasira linaingia ndani, na mitambo midogo iliyomo haisogei tena vizuri. Mtu anadhani ameifanya imara, kumbe ameivunja taratibu.

Hapa ndipo lugha yetu inaponisimamisha. Tunasema kaza moyo, kaza mwendo, kaza uzi, kaza buti. Zote ni sifa na zote zinaelekea upande mmoja, kuongeza. Lakini skrubu inafundisha kwamba kukaza kuna mwisho wake wa haki, na aliyepita mwisho huo amekosea sawa na ambaye hakufika. Wazee walishasema kila kitu kwa kiasi. Tatizo ni kwamba hawakutupa spana ya kukipimia.

Akimaliza, fundi anachukua rangi, nyeupe au njano, anachora mstari mmoja mwembamba unaoanzia kwenye kichwa cha skrubu na kuishia kwenye chuma cha pembeni. Mstari ukibaki umenyooka, hakuna kilichosogea. Ukivunjika katikati, skrubu imezunguka, yenyewe au kwa mkono wa mtu, na anayekuja baadaye atajua kabla hajagusa kitu.

Hesi za Whitworth, namba za London, kipimo cha fundi wa mabomba, na sasa mstari wa rangi. Bunduki ya Dallas haikuwa na mstari huo.